Mbwa wa Kabeya na Treni ya Kasai

Mbwa yule hakuzaliwa ili afungwe. Kila mtu pale stesheni ya Kolwezi alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo, hata wale wasiomwangalia mbwa mara mbili. Kukicha tu alinyoosha miguu ya mbele, akanyoosha ya nyuma, akajikung'uta, kisha akaanza kukizunguka kile kipande cha reli mbovu alichofungwa nacho. Alizunguka mpaka kamba ikamwishia shingoni. Hapo alilia. Hakubweka; alilia kwa sauti nyembamba ya kuvuta, kama mlango usiotiwa mafuta, na sauti hiyo iliwaingia watu katika meno.

Kanku aliisikia kabla hajafumbua macho. Akapapasa kulia, mkono ukagusa kichwa cha binti yake Mignonne. Akapapasa kifuani, kitoto Stanislas kilikuwa kimelala na ziwa mdomoni. Akapapasa kushoto, mahali pa mume wake, akakuta blanketi limepoa. Moyo ukamruka. Akaketi.

Kabeya alikuwepo. Alikuwa amechuchumaa karibu na mbwa, akimfuta ndani ya masikio kwa kitambaa kikavu. Masikio yenyewe yalikuwa mapana, ya kuanguka, na mvua ya usiku ilikuwa imeyalowesha. Kabeya aliyafuta taratibu, moja kisha la pili, akanusa kitambaa.

"Haijaoza," akasema. "Lakini siku moja tena bila kukauka, itaoza."

"Mama Mignonne," ikatoka sauti ya pili, upande wa pili wa shuka. Huyo alikuwa Mama Odile, mjane aliyekuwa akiuza mikate ya mafuta kule mtaa wa Kapata, na sasa shuka lake lilitandazwa ubavuni mwa shuka la Kanku. "Musie wako wa miguu ine ameamuka. Anaomba kahawa."

"Umuvumilie, Mama Odile. Iko na njaa ya miguu," Kanku akajibu.

"Njaa ya miguu. Na siye benye njaa ya tumbo, tulie namna gani sasa?"

Watu wawili watatu walicheka. Kanku naye alicheka kidogo, ila macho yake hayakutoka kwa mume wake, kwa sababu alijua kitambaa kile kikikunjwa, kamba itafunguliwa.

Ulikuwa mwaka ule wa tisini na tatu, vijana wa fimbo walipopita nyumba kwa nyumba Kapata wakiwaambia watu wa Kasai warudi kwao. Kanku hakuijua Kasai. Alizaliwa hapahapa Kolwezi, baba yake akiwa mchimbaji wa shaba, na alizaa watoto wake katika hospitali ileile aliyozaliwa. Lakini siku ile aliambiwa kwao ni kule, akabeba sufuria, godoro na watoto, akaja kukaa stesheni pamoja na umati usio na mwisho, chini ya mashuka na mabati, kungoja treni.

Treni zilikuja zilivyotaka zenyewe. Hakuna aliyejua siku. Yalikuja mabehewa ya kubebea mawe, yasiyo na paa, na watu wakapanda juu ya watu. Aliyekuwa karibu alipanda. Aliyekwenda kutafuta kuni alikuta moshi tu. Na kati ya treni na treni, surua ilikuwa inatembea kwenye mashuka. Kila siku wanaume walikwenda nyuma ya ghala na jembe, na kila siku kitu walichobeba kilikuwa kidogo.

Kwa hiyo Kanku alikuwa na hofu moja, aliilala na kuiamkia: treni ije, na Kabeya asiwepo. Na kitu cha kumwondoa Kabeya kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa na miguu minne.

Jina lake Lubilu, ndilo Kitshiluba cha mbio. Mama yake alikuwa mbwa wa injinia mmoja Mbelgiji, wa aina ile ya kuwindia ndege, Wazungu wanaiita braki. Kabeya alikuwa fundi wa magari katika karakana ya kampuni, na Jumapili alikwenda na injinia huyo kuwinda kwale katika majani ya mto Lualaba. Mambo ya nchi yalipoharibika, injinia alifunga masanduku akaondoka, na kabla ya kuondoka alimtilia Kabeya mtoto wa mbwa ndani ya kofia.

Kanku hakuulizwa. Mtoto yule wa mbwa alikula viatu, akala kona ya godoro, akachimba bustani yote ya mboga za lengalenga kama anatafuta mali ya babu yake. Kabeya alitaka kumpiga, kisha akamkumbuka injinia alivyosema kwamba mbwa huyu akipigwa anakuwa mwoga, na akiwa mwoga pua yake haifai kitu. Kumbe dawa yake ni kumchosha. Basi Kabeya akawa anaamka mapema kabla ya kazi, anapanda baiskeli, Lubilu anakimbia kando yake mpaka ulimi unaning'inia, na jioni tena vilevile. Akishakimbia alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliingia ndani, akaweka kidevu chake juu ya mguu wa Mignonne, akalala. Asipokimbia, nyumba nzima iliumwa.

Sura yake haikuwa mbaya. Mwili wenye rangi ya maini, na madoadoa meupe mgongoni kama mtu amemnyunyizia unga. Manyoya mafupi, tumbo limeingia ndani, mkia umekatwa nusu. Lakini kilichomfanya Kabeya ampende kupita kiasi ni kule kusimama kwake. Mbwa wa nyumbani kwetu akinusa ndege anamrukia, anabweka, ndege anaruka, basi. Lubilu akinusa ndege ndani ya majani, alisimama. Aliinua mguu mmoja wa mbele, akaunyoosha mkia, akaelekeza pua, akawa jiwe. Hakulia, hakutikisika. Angesimama hivyo mpaka Kabeya afike nyuma yake, amguse ubavuni, amwambie, "Haya." Ndipo ndege aruke, ndipo bunduki ilie.

Kule nyumbani hata watoto walikuwa wamezoea kusema, "Amesimama," na kila mtu alijua maana yake.

Sasa kitambaa kilikunjwa. Kabeya akaanza kufungua kamba.

"Tata Mignonne," Kanku akamwambia mume wake.

"Kidogo tu. Mupaka ku daraja."

"Juzi ulisema paka ku daraja, ukarudi jua iko juu ya kichwa."

"Alikuwa na nguvu ya siku mbili. Mvua ilimufunga. Unaona vile anavuta? Jana amekula kamba. Kesho atakula mutu."

"Na ule mutu alienda kuangalia shamba yake ya mihogo? Si bale ba fimbo balimupasula kichwa? Hata asikari bamesema mutu asipite behewa ya mwisho."

"Ule alienda ku shamba yake. Miye sina na shamba, naenda mu majani."

"Na treni ikikuya?"

"Itapiga honi. Nitasikia."

Alisema kama mtu anayesema jua litatoka. Kanku alimwangalia akivuka reli, akainama chini ya behewa la mwisho la yale mabovu yaliyoachwa stesheni, mbwa mbele akimvuta mikono. Kisha majani marefu yakawameza wote wawili. Yalikuwa majani ya mwezi wa tatu, yanapita kimo cha mtu.

Mpaka aliporudi, Kanku hakufanya kitu kwa akili yake. Alichota unga wa uji akaumwaga. Alimfunga mtoto mgongoni akamfungua. Kila behewa lililogongwa na upepo lilikuwa treni, kila kelele upande wa daraja ilikuwa ya Kabeya. Mama Odile alimtazama tu, kisha akasema kwa upole usio wake, "Mama, hata ukisimama vile, miguu yako haimurudishe. Ikala chini."

Siku hiyo alirudi. Mbwa alirudi akiwa amelowa tope, ulimi nje, akajilaza, akapumua. Kabeya hakumpa chakula hapohapo. Alingoja mpaka pumzi itulie, akamchunguza vidole kimoja kimoja, akatoa mwiba kwa meno yake, ndipo akamwekea ugali, bukari iliyobaki. Mama Odile aliyaona hayo yote.

"Mume wangu marehemu," akasema, "tulikaa naye mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakunitoa hata mwiba moja."

"Ungelala ku miguu yake," Kabeya akamjibu, "angekutoa."

Mchana ule Omer alifika.

Omer alikuwa jirani yao wa Kapata, Mluba wa kaskazini, wa kule Manono, na kwa hiyo hakufukuzwa. Ukuta wa nyumba yake na wa kwao ulikuwa mmoja. Jumapili nyingi walikwenda mawindoni pamoja, yeye na Kabeya, tangu injinia alipoondoka. Lakini siku ya fimbo, mdogo wake Omer, kijana wanayemwita Dodo, alikuwa barabarani na wenzake, fimbo mkononi, mbele ya mlango wa Kabeya. Omer alisimama katika mlango wake mwenyewe, mkono kwenye fremu, akanyamaza. Baadaye, vijana walipopita, alitoka akasaidia kubeba sufuria. Kabeya sufuria hakuiona. Aliuona mkono kwenye fremu.

Sasa Omer alikuja akisukuma baiskeli, unga kidogo katika mfuko, na vichwa vya samaki wa kukauka vimefungwa katika karatasi. Watu wa mashuka walimtazama. Walimjua kuwa si wa upande wao.

"Jambo, Mama Mignonne. Batoto beko?"

"Beko, Tata Omer."

"Hii ni unga. Na hii ni ya Lubilu." Akageuka. "Kabeya. Ndugu."

Kabeya alikuwa anatoa kupe nyuma ya sikio la mbwa. Aliendelea kutoa kupe. Lubilu, yeye hakuwa na ugomvi na mtu. Alitikisa kile kipande cha mkia mpaka makalio yote yakacheza, akavuta kamba kumfuata Omer.

Omer akasema, "Treni haibebe imbwa. Nimesikia ku stesheni. Batu bamejaa, nani atakubali? Muniachie Lubilu. Nitamuchunga."

Kabeya alisema bila kugeuza kichwa, "Mama Mignonne, ambia ule mutu kama hii imbwa haiko kiti. Biti byetu tulishabakisha ku nyumba."

Omer aliweka unga chini, akageuza baiskeli.

Kanku alimfuata mpaka kwenye uzio. Moyo wake ulikuwa unamwambia kwamba mtu huyu akienda bila mbwa, amekwenda na mume wake.

"Tata Omer, urudie kesho. Akilala mchana, nitakupa kamba mi mwenyewe."

Omer akatikisa kichwa. "Haifanyike vile, mama. Weye unajua. Imbwa ya kuwinda, mwenyewe njo anaweka kamba mu mukono yako. Na anakuambia kwa kinywa yake anakula nini, analala wapi, anaogopa nini. Ukimuchukua bila ile, pua inakufa. Atakuwa imbwa ya kula takataka tu."

"Ile ni maneno ya bawinda."

"Siye ni bawinda."

"Na mi ni mwanamuke mwenye batoto babili na surua iko mu shuka ya pili. Pua ya imbwa itanisaidia nini?"

Omer alishika usukani. Alisema tu, "Nitarudia. Siku moja atachoka kunikasirikia." Akapanda baiskeli akaenda, na Kanku akabaki ameshika waya wa uzio.

Kabeya hakuchoka. Omer alirudi, akaambiwa mambo ya kiti. Alirudi tena, akaambiwa na mgongo. Kila asubuhi kitambaa kilikunjwa, kamba ikafunguliwa, majani yakafunga. Shuka la pili, upande usio wa Mama Odile, mtoto alikufa. Kanku alimhamisha Mignonne upande wa Mama Odile, akampaka mafuta puani, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Jioni alimwambia mume wake, "Nisikie. Treni ikikuya na hauko, sipande. Nikibaki, batoto bako bataenda nyuma ya ile ghala. Unanisikia?"

Kabeya alimsikia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia. Alimshika mbwa ngozi ya shingo akasema, polepole, "Nilimufundisha asimame paka nifike. Miaka yote. Akisimama, anajua nitakuya. Nimupe mutu mwenye alisimama mu mulango yake na akanyamaza?"

Kwa mara ya kwanza Kanku aliona kwamba hapakuwa na mbwa peke yake katika jambo lile.

Treni ilikuja siku ya jua, baada ya mvua. Haikupiga honi. Ilirudi kinyumenyume, mabehewa mbele, kichwa nyuma, polepole kama inaiba, na watu waliiona ilipokuwa tayari kwenye jukwaa. Stesheni yote iliinuka mara moja. Godoro, jiko, mtoto, mgonjwa juu ya mlango uliong'olewa, kila kitu kilikwenda upande mmoja.

Kabeya alikuwa majanini.

Kanku alimfunga Stanislas mgongoni, akambeba Mignonne kiunoni, akashika sufuria, akasukumwa na umati mpaka chuma cha behewa kikampiga kifuani. Mama Odile alikuwa amekwisha panda, na hakuna aliyejua amepandaje na mwili ule. Alinyoosha mikono.

"Leta mutoto. Leta ule wa mugongo pia. Sufuria uache, mama, uache sufuria."

Watoto walipanda. Kanku aliweka mguu kwenye chuma ili apande, kisha akautoa.

"Ameenda ku daraja," akasema.

Mama Odile alimwangalia. Hakumfokea. "Enda," akasema. "Hii haitoke mbio, bado banatia mafuta mu kichwa ya treni, iko inakunywa. Nitabaikalia hapa batoto bako kama mayai. Ikitoka mbele ya kurudia kwako, tutashuka nabo stesheni ya mbele, tutakungoja. Enda sasa."

Kuwaacha watoto juu ya chuma kinachoweza kuondoka wakati wowote ni jambo ambalo mwili unalikataa. Miguu ya Kanku iligeuka mara mbili kabla haijamtii. Akapita chini ya lile behewa bovu la mwisho, akaingia majanini, nguo ikamlowa mpaka kiunoni. Aliita. Akasikia filimbi ya Kabeya, ile ya vidole viwili, karibu na daraja. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena.

Alimkuta peke yake. Kamba ilikuwa mkononi, na mwisho wa kamba hapakuwa na kitu.

"Treni," Kanku akasema. Pumzi haikutosha neno la pili.

"Sikusikia honi."

"Haikupiga. Batoto beko juu."

Kabeya alifunga macho. "Amesimama fasi moja. Nilimufungulia akimbie kidogo, akanusa kitu, akaingia. Hatoke na filimbi. Akisimama hasikie filimbi, mi mwenyewe njo nilimufundisha."

"Twende."

"Yuko hapa hapa, Kanku. Haiko mbali. Yuko kimya tu."

Majani yalikuwa kimya kila upande. Hapo ndipo ubaya wa mafunzo yale ulipoonekana. Mbwa mwingine angebweka, ukamfuata kwa sauti. Huyu kadiri alivyokuwa hodari, ndivyo alivyopotea. Kabeya alipiga hatua kulia, akapiga kushoto, akitenga majani kwa mikono, na upande wa stesheni kichwa cha treni kikanguruma kwa kelele, watu wakapiga mayowe.

Kanku akamshika shati. "Kama utabaki, ubaki. Lakini unigeukie, unitazame, uniambie kama unabaki."

Aligeuka, akamtazama. Na wakati huo kengele ya baiskeli ililia kwenye njia ya reli. Alikuwa Omer. Alikuwa ameiona treni ikirudi nyuma toka njia ya Kapata, akaendesha bila kupumzika, unga wa safari umefungwa nyuma. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Hakusema ndugu, wala hakusema jambo. Aliangalia kamba tupu, akaelewa.

"Amesimama?"

"Amesimama," Kabeya akasema. Ndilo neno la kwanza alilomwambia mtu huyo tangu siku ya fimbo.

Walitazamana. Kisha Kabeya alichukua mkono wa Omer, akaufungua vidole, akaweka kamba ndani, akaufunga. Wakaanza kukimbia kuelekea treni, wote watatu, baiskeli imebaki imelala katika majani.

"Usimupige," Kabeya akasema akikimbia. "Hata akikula kiatu. Ukimupiga mara moja, umemaliza."

"Simupige."

"Asubuhi umukimbize mbele ya kula. Kisha ungoje apumue. Akila na kukimbia, tumbo yake inajizungusha, anakufa."

"Mbele ya kula. Nimesikia."

"Mufupa ya kuku apana. Inapasuka, inamutoboa. Vichwa ya samaki iko sawa. Masikio unafuta na kitu ya kukauka kila akitoka mu mayi."

"Masikio."

"Usimufunge inje peke yake. Hii haiko imbwa ya kulinda. Atalia paka sauti itakwisha. Analala penye batu beko." Kabeya alijikwaa kwenye jiwe la reli, Omer akamdaka. "Na radi. Anaogopa radi. Anaingia chini ya kitanda, umuache."

"Nitamuacha, ndiyo."

"Ukimukuta amesimama, usimuvute. Uguse hapa, mu mbavu, useme haya. Paka ile."

"Nagusa, nasema haya."

Behewa lilikuwa linatikisika. Kanku aliona kilemba cha Mama Odile, akaona mkono wa Mignonne umeshikwa. Mikono isiyojulikana ilimvuta juu, ikamvuta na Kabeya kwa mkanda. Chuma kiligongana na chuma, toka mbele mpaka nyuma, na treni ikaondoka. Omer alikuwa chini, kamba mkononi, akitembea, kisha akikimbia.

"Ile siku," akasema kwa nguvu, akimwangalia Kabeya juu. "Niliogopa."

Kabeya alimjibu kitu, lakini magurudumu yalikuwa yamekwisha kuanza kusema, na Omer akabaki nyuma. Walimwona akigeuka, akiingia majanini upande wa daraja.

Kanku alimchukua Stanislas, akakibana kichwa chake kifuani. Alihesabu watu wake: mmoja, wawili, na mume wake watatu. Hata hivyo moyo haukushuka. Maana treni ilikuwa inakwenda kupita daraja.

Toka juu ya behewa majani hayakuwa marefu tena. Ulikuwa unaona ndani yake kama unavyoona ndani ya sufuria. Na ndani yake, katika mtaro upande wa chini, alikuwepo. Mgongo wa madoadoa, mkia umenyooka, mguu mmoja juu. Treni ilipita na kelele zake zote, na watu, na vilio, na mbwa hakugeuza hata sikio. Alikuwa anangoja.

Kabeya alimwona pia. Kanku alijua, kwa sababu goti lake liliinuka na kuegemea ukingo wa chuma. Akamshika mkanda kwa mkono mmoja, mtoto akiwa katika mwingine, akakaa chini kwa uzito wote aliopewa na Mungu.

Upande wa juu, mbali na mtaro, shati la Omer lilikuwa linatafuta mahali pasipokuwa na kitu.

"Tata Omer," Kanku akaita. Sauti ikatoka kubwa kuliko alivyojua anayo. "Ku mutaro. Chini, ku mutaro."

Omer hakusikia. Mama Odile akageuka, akaona, akaelewa, akatia mikono mdomoni. "Ku mutaro." Mzee mmoja aliyekuwa amelaani mbwa huyo kila asubuhi akasimama juu ya godoro lake akaita naye. Kisha behewa zima liliita, watu ambao hawakujua wanaitia nini, mikono yote imeelekea chini, na Omer akasimama, akageuza kichwa, akaanza kushuka.

Reli ikapinda. Vya mwisho kuonekana vilikuwa hivi: shati limefika karibu na mtaro, na kitu cha rangi ya maini bado hakijatikisika. Halafu kilima cha mchanga wa mgodi kikaja katikati.

Watu wakaketi. Kila mtu akarudia mzigo wake na mgonjwa wake. Mignonne aliuliza Lubilu atapanda behewa gani, na Mama Odile akampa kipande cha mkate wa kukauka ili anyamaze. Kanku hakuachia mkanda. Waliipita sehemu ya Kingamyambo, wakaiacha Kolwezi yote nyuma, na vidole vyake vilikuwa bado vimefunga, vimekufa ganzi. Mtoto alikuwa na joto kidogo shingoni. Aliligusa, akaligusa tena. Labda ni jua.

Kabeya alikuwa anaangalia nyuma, midomo inacheza, kama mtu anayepitia kazi aliyoimaliza ili aone kama ameacha msumari nje.

"Sikumuambia juu ya baridi," akasema.

"Baridi gani?"

"Ya mwezi wa sita. Iko na manyoya mafupi. Inatakiwa gunia."

Kanku alifikiri. "Atamuona akitetemeka," akasema.

Kabeya alikubali kwa kichwa, bila kuamini sana, akanyoosha mkono akagusa shingo ya Stanislas pale alipokuwa ameigusa yeye.